FUKUSI WA MIGOMBA: ANA MBAWA LAKINI HARUKI

Ndugu msomaji, wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Sisi wakulima wa Rugu, pamoja na wenzetu wa Karagwe na Kyerwa, tunaye mdudu anayetula kwa namna hiyo hiyo. Mchana hatumwoni. Hapigi kelele. Hamwumi mtu. Lakini yumo ndani ya kibanja, chini ya migomba, na kazi yake anaifanya usiku sisi tukiwa tumelala.

Siku moja upepo unavuma kidogo tu. Mgomba wenye mkungu mzuri unaanguka, na mkungu wenyewe bado haujakomaa. Wengine tunasema, "Ni upepo." Wengine tunasema, "Ardhi imechoka." Wapo hata wanaomshuku jirani. Basi chukua panga, ukate pale chini ulipovunjikia. Ukikuta matundu na njia nyeusi zilizojaa unga unga wa uozo, huna haja ya kumshuku mtu. Aliyeuangusha mgomba huo ni fukusi wa migomba.

Leo tutamtazama mdudu huyu kiungo kwa kiungo: pua yake, mgongo wake, mbawa zake na miguu yake. Pengine utauliza, "Mwili wa mdudu unanisaidia nini mimi mkulima?" Utakusaidia sana. Karibu kila kiungo cha fukusi huyu kinatuonyesha mahali pa kumkamata.

NI MDUDU GANI?

Fukusi wa migomba ni ndugu wa karibu wa fukusi wa mahindi, yule mdogo anayetoboa punje ghalani. Tofauti kubwa ni umbo. Fukusi wa mahindi ana urefu wa milimita 3 au 4 tu. Huyu wa migomba ana milimita 10 hadi 15, yaani sentimita moja mpaka moja na nusu. Ni kama punje ya harage.

Wenzetu Waganda humwita kayovu, maana yake tembo mdogo. Wamempa jina hilo kwa sababu ya pua yake ndefu iliyopinda kuelekea chini, kama mkonga.

Wataalamu wa wadudu wana jina lao. Wanamwita Cosmopolites sordidus. Neno la kwanza limetoka Kigiriki, maana yake mkazi wa dunia nzima. Neno la pili ni Kilatini, maana yake mchafu. Mtu wa kwanza kuandika habari zake kitaalamu alikuwa Mjerumani Ernst Germar, mwaka 1824.

Asili ya mdudu huyu ni kusini-mashariki ya Asia, huko huko migomba ilikoanzia. Leo yuko karibu kila mahali panapolimwa ndizi: Afrika, Amerika na visiwa vya Pasifiki. Sasa hapa pana swali. Mdudu asiyependa kuruka alivukaje bahari? Na hapa Rugu alifikaje? Shika swali hilo. Tutalijibu mbele kidogo.

TUMTAZAME MWILI WAKE

Ukimpata mmoja, mweke juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga. Waite na watoto waone.

Rangi. Akiwa mchanga ana rangi nyekundu ya udongo. Baada ya muda anakuwa mweusi. Kwa hiyo ukiona wa rangi mbili usidhani ni wadudu wa aina mbili. Ni huyo huyo mmoja, mchanga na mkubwa.

Pua. Hii pua ndefu kumbe si ya kunusia. Kinywa chake kiko kwenye ncha yake, na kina meno madogo ya kutafuna. Jike hutumia pua hiyo kama sisi tunavyotumia mti wa kuchimbia shimo la mbegu. Hutoboa tundu dogo pale shina la mgomba linapokutana na ardhi. Kisha hugeuka na kutaga yai moja ndani ya tundu.

Vipapasio. Kwenye pua yake kuna vipapasio viwili vilivyopinda kama kiwiko cha mkono. Hivi ndivyo vya kunusia. Mgomba uliokatwa leo unatoa harufu, na fukusi akiipata huifuata. Tena dume naye hutoa harufu yake ya kuwaita wenzake, madume na majike. Mwaka 1995 wataalamu wa Ufaransa walifanikiwa kuitambua harufu hiyo, wakaiita sordidini. Katika nchi nyingine, kama Costa Rica, huwekwa ndani ya mitego.

Mgongo. Mgongo wake ni mgumu, una mistari na vitundu vidogo vidogo. Ukimbana kwa vidole havunjiki upesi. Magamba mawili ya mgongoni ni mbawa za mbele zilizogeuka kuwa kinga. Chini yake zimekunjwa mbawa nyembamba za kurukia.

Mbawa. Hapa ndipo palipo na ajabu. Mbawa anazo, nazo ni nzima, lakini ni nadra sana kumwona akiruka. Anatembea, tena polepole. Watafiti waliwatia alama fukusi na kuwaachia shambani. Walipowatafuta tena baadaye, wengi walikuwa mita chache tu kutoka pale walipoachiwa.

Miguu. Ana miguu sita yenye kucha za kushikia. Ukimgusa anaikunja yote, analala kimya kama maiti. Usidanganyike ukamtupa pembeni. Ngoja kidogo, utaona anainuka na kwenda zake.

Maji. Mdudu huyu hawezi ukavu. Mahali penye unyevu anaweza kukaa miezi kadhaa bila chakula. Mahali pakavu anakufa baada ya siku chache. Ndiyo maana mchana hujificha chini ya magamba ya migomba, chini ya majani yanayooza na ndani ya visiki vya migomba iliyovunwa.

ANAISHI MUDA MREFU, ANAZAA KIDOGO

Wadudu wengi huishi kwa siku au wiki. Fukusi wa migomba huweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja, na wengine wamefikisha miaka minne. Lakini uzazi wake ni mdogo. Inzi wa nyumbani anaweza kutaga mayai 100 kwa mara moja. Jike la fukusi hutaga yai 1 hadi 4 hivi kwa wiki.

Yai lake ni jeupe, lina urefu wa milimita 2. Katika nchi za joto kama yetu hukaa kama wiki moja, kisha hutoka buu. Buu ni jeupe, kichwa chake ni cha rangi ya kahawia, na miguu hana kabisa. Anajisukuma huku akila. Chakula chake ni tunguu la mgomba, yaani ile sehemu nene iliyo chini, inayotoa mizizi na machipukizi.

Buu hula kwa wiki tatu mpaka sita au saba. Kisha hutulia bila kula kwa kama wiki moja, hatua ambayo huitwa pupa. Ndipo anatoka fukusi kamili mwenye pua na mbawa. Kwa jumla, toka yai mpaka fukusi ni kama wiki tano hadi nane.

Tukumbuke neno moja. Yule mweusi tunayemwona hali sana. Mharibifu hasa ni mtoto wake, tusiyemwona.

HASARA INAKUJA POLEPOLE

Tunguu ndilo ghala la mgomba. Maji na chakula kutoka ardhini hupitia humo. Buu akilitoboa, mizizi inapungua, majani yanakuwa membamba, mkungu unakuwa mdogo na unachelewa kukomaa. Tunguu likidhoofika kabisa, mgomba unakatikia pale chini.

Ubaya wa hasara hii ni kwamba hatuioni mapema. Nchini Uganda watafiti walipima migomba yenye fukusi kwa miaka kadhaa, wakatangaza matokeo mwaka 1998. Katika uzao wa kwanza hasara ilikuwa 5 kwa kila 100. Katika uzao wa nne ilifika 44 kwa kila 100.

Tufanye hesabu. Tuseme kibanja chako kingekupa kilo 100 za ndizi. Uzao wa kwanza unapata kilo 95. Hapo hustuki, maana kilo 5 ni kidogo. Lakini uzao wa nne unapata kilo 56 tu. Kilo 44 zimekwenda. Na kwetu ndizi ndicho chakula cha nyumbani, ndiyo rubisi ya wageni, tena ndiyo fedha ya daftari na sare za watoto. Kilo 44 si mchezo.

ALIFIKAJE KIBANJANI?

Turudi kwenye swali letu. Mdudu huyu haruki, na mwendo wake ni wa polepole. Hakuvuka bahari mwenyewe, wala hakutembea kutoka kilima mpaka kilima. Alibebwa. Aliyembeba ni binadamu, kwa sababu mayai na mabuu hujificha ndani ya tunguu la mche.

Sisi huku, mche wa mgomba kwa kawaida huombwa. Kijana anapoanza kibanja chake, baba anampa miche, mjomba anampa, jirani naye anaongeza. Ni desturi nzuri sana na tusiiache. Lakini mche unaotoka kwenye kibanja chenye fukusi huja na mgeni ndani yake. Tunampokea kwa mikono miwili na kumfukia ardhini wenyewe. Tukishapanda, tunamngojea miaka miwili au mitatu atuonyeshe kazi yake.

TUMSHINDE KWA UDHAIFU WAKE

Sasa tuunganishe mambo. Tumemjua mwili, basi tuutumie.

Kwanza, hatembei mbali. Kwa hiyo tusimbebe. Ukipewa mche, shukuru, kisha umenye tunguu lake kwa panga pale pale shambani ulipouchimbua. Ondoa mizizi yote na ngozi ya nje mpaka ubaki weupe mtupu. Ukiona njia za buu zimeingia ndani sana, usiupande mche huo. Maganda uliyomenya usiyabebe kwenda nayo nyumbani. Na mche uliomenywa usilale pale shambani, kwa sababu usiku majike watakuja kuutagia tena. Uondoe siku hiyo hiyo.

Baada ya kumenya, yapo maji ya moto. Wataalamu wa taasisi ya IITA, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, walieleza njia rahisi. Chemsha maji kwenye pipa au sufuria kubwa mpaka yatokote. Tumbukiza tunguu lililomenywa kwa sekunde 30, kisha litoe. Kama huna saa, hesabu polepole kutoka moja mpaka thelathini. Usizidishe, mche utaiva ukafa. Maji hayo huua na minyoo midogo ya mizizi ambayo macho yetu hayawezi kuiona. Watoto wasikae karibu na maji hayo.

Pili, anafuata harufu. Kwa hiyo tumtege. Chukua shina la mgomba uliovunwa karibuni, likiwa bado bichi. Kata kipande chenye urefu wa futi moja, yaani sentimita 30 hivi. Kipasue katikati kwa urefu. Weka vipande karibu na shina la mgomba, upande uliokatwa uangalie chini, uguse udongo. Usiku fukusi watafuata harufu na kujificha chini yake. Baada ya siku tatu amka asubuhi, funua, okota. Watie kwenye kopo, uwamwagie maji ya moto. Kumbuka wanajifanya wamekufa, kwa hiyo usiwaache chini.

Mtego usiusahau shambani. Ukiuacha wiki nyingi, unageuka kuwa nyumba yao. Ukishachakaa, ukatekate na uuanike.

Mtu anaweza kusema, "Kuokota mdudu mmoja mmoja! Si kazi ya watoto hiyo?" Tufanye hesabu nyingine. Tuseme umeokota jike mmoja, na jike huyo angetaga yai 1 tu kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Umeondoa mayai 52 yasiingie kwenye matunguu yako. Kwa mdudu anayezaa upesi upesi, kuokota kusingesaidia. Kwa huyu anayezaa kidogo, kila mmoja unayemwokota ana thamani. Lakini inataka subira. Mtego wa siku moja hautoshi, inafaa kutega kila mwezi.

Tatu, hawezi ukavu. Kwa hiyo tuvunje maficho yake. Ukishavuna mkungu, usiuache mgomba umelala mzima kibanjani. Ukate, upasue vipande vyembamba, uvitawanye vikauke upesi. Visiki vya zamani vikate chini kabisa na uvifukie kwa udongo. Magamba makavu yanayozunguka shina yaondoe. Nyasi za kutandaza zinalinda udongo wetu, hatusemi uziache. Ila ziweke mbali kidogo na shina, kama hatua moja, ili pale chini pasiwe na unyevu mwingi.

Nne, jike hutagia tunguu analolifikia. Kwa hiyo tulifiche. Matunguu yaliyoinuka juu ya ardhi yajazie udongo. Weka na samadi. Mgomba ulioshiba una nguvu ya kuvumilia kuliko mgomba wenye njaa.

VIPI KUHUSU DAWA?

Wapo wanaokumbuka unga au maji ya dawa kali zilizotumiwa zamani kwa mdudu huyu, kama dieldrin. Dawa hiyo hukaa kwenye udongo miaka mingi, na huingia katika miili ya watu na wanyama. Imo katika orodha ya sumu zilizopigwa vita na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Ukiletewa chupa kuukuu isiyo na maandishi, eti ni dawa ya migomba, ikatae. Usiinunue, usiimwage kibanjani mahali mnapochuma mboga na maharage. Ukihitaji ushauri wa dawa, mwulize mtaalamu wa kilimo wa kata. Kwa mkoa wetu wa Kagera kipo pia kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, ambacho kazi yake kubwa ni migomba.

SI KILA MGOMBA MGONJWA NI WA FUKUSI

Tusimbebeshe fukusi mizigo isiyo yake. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa katika mkoa wetu. Huo ni ugonjwa wa bakteria, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Dalili zake ni nyingine. Majani yananyauka na kuwa ya manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani zimeharibika. Ukikata shina, unatoka usaha wa rangi ya manjano. Ukiona hivyo, mitego ya fukusi haitakusaidia. Toa taarifa upesi kwa mtaalamu wa kilimo, na panga lako ulipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Kwa fukusi, dalili ni matundu na njia nyeusi ndani ya tunguu. Kila unapovuna, kata kisiki pale chini, uangalie. Ni kazi ya dakika mbili, nayo itakupa habari za kibanja kizima.

KAZI YETU SOTE

Ndugu wasomaji, mdudu huyu hana haraka. Anatembea polepole, anazaa polepole, anaharibu polepole. Nasi tunaweza kumshinda polepole, mradi tusichoke. Lakini mkulima mmoja akitega na jirani yake akaacha visiki vinaoza, fukusi watavuka mpaka wa vibanja, hata kama ni kwa kutembea. Ni vizuri kijiji au kitongoji kikubaliane kutega pamoja, na kila anayetoa mche autoe ukiwa umemenywa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kibanja kikishaanguka, kukijenga upya ni kazi ya miaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Fukusi wa migomba ana mbawa. Kwa nini basi tunasema binadamu ndiye anayemsambaza?

2. Mharibifu hasa wa tunguu ni nani, fukusi mweusi au buu lake?

3. Kwa nini kuokota kwa mkono kunasaidia kwa mdudu huyu?

4. Kateni visiki vitano vya migomba iliyovunwa karibuni katika kitongoji chenu. Vingapi vina matundu? Andikeni hesabu hiyo kwenye daftari. Baada ya mwaka mmoja wa kutega, hesabuni tena visiki vitano vingine na kulinganisha.